Mama Vifuko na Masahihisho ya Kituo cha 23

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Vifuko atavua koti jeupe la maabara na kulirudisha stoo. Koti hilo ni la tano. Manne yaliyotangulia yaliliwa na asidi kuanzia kwenye mikono, na mtunza stoo wetu, ambaye hatoi hata kalamu mpaka aoneshwe ile iliyokwisha wino, alimpa jipya kila mara bila maswali. Katika idara hii, hiyo ni heshima kubwa kuliko cheti.

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, mpima metali wa chumba cha pili, kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye mhariri wa jarida hili, na mhariri kwetu ni yule aliyekuwa msalani siku ya kugawana majukumu. Pili, nimefanya kazi ukuta mmoja na huyu dada kwa miaka kumi na tisa. Nilipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa ya ukutani, hakutaka seti ya sufuria, wala kiti cha kupumzikia. Alitaka aya moja ichapwe humu. Aliiandika miaka tisa iliyopita na haijawahi kuchapwa. Nitafika huko, na wale wenye tabia ya kuruka kurasa wakitafuta picha za sherehe, safari hii naomba wasiruke.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, mhudumu wa maabara daraja la chini kabisa, kazi yake kuosha vyombo vya kioo. Aliviosha kwa miaka mitatu bila kuvunja hata kimoja, jambo ambalo mkuu wa maabara wa enzi zile alilishuku kiasi cha kwenda kuvihesabu mwenyewe kabatini. Alipovikuta vyote, akamhamishia kwenye kazi mpya ambayo hakuna aliyeitaka, maana ilihitaji ngazi, viatu vya mpira na moyo wa kuzunguka mji mzima na vifuko vya majani.

Kwa wale wa uhasibu na masjala ambao kila mwaka huuliza majani hayo ni ya nini, nitaeleza kwa mara ya mwisho. Kuvumwani ni ile mimea mifupi ya kijani, laini kama zulia, inayoota kwenye mawe, magogo na kuta zenye unyevu. Haina mizizi ya kunyonya ardhini. Inakula kinachotoka juu: mvua, ukungu, vumbi. Hewa ikiwa na risasi, zinki au shaba, kuvumwani huikamata na kuitunza. Ukitaka kujua mtaa fulani unavuta hewa ya namna gani, unachuma kuvumwani safi msituni mlimani, unaiosha, unaitia kwenye vifuko vya wavu, unaitundika mtaani kwa wiki nane, kisha unaiteremsha na kuipima. Mtaa hauwezi kujipamba kwa ajili ya ukaguzi, maana kifuko kipo hapo usiku na mchana na hakipigi kelele.

Mama Vifuko alivishona vifuko hivyo mwenyewe, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kwa uzi wa nailoni. Vituo vilikuwa arobaini, kila kituo vifuko viwili. Aliosha kuvumwani mara saba kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chembe ya metali, na ole wako umwambie kwamba mara sita zinatosha. Kazini hakuvaa hereni, bangili wala pete, kwa sababu chembe ndogo ya metali kutoka kidoleni inaweza kuharibu kipimo cha mtaa mzima. Mumewe, dereva wa lori la maji, alikuwa akiwaambia watu kwamba ameoa mwanamke anayempa talaka kila siku saa mbili asubuhi na kumrudia saa kumi jioni. Pete ilikaa kwenye kikombe cha kioo dirishani. Mumewe alipofariki, miaka kumi na minne iliyopita, pete ilienda nyumbani na kikombe kikawekwa penseli.

Vituko havikukosekana. Kituo cha 9 kilikuwa na ndege aliyejengea kiota kuvumwani yetu kwa misimu mitatu mfululizo, na daftari la kazi lina maneno haya kwa mwandiko wake nadhifu: ndege yuleyule, safari hii na mke. Kituo cha 31, mlinzi wa ghala alikiteremsha kifuko akidhani ni dodoki na akakioshea vikombe kwa wiki mbili. Mama Vifuko hakumgombeza. Aliandika kwamba kifuko kimeosha vyombo na kisipimwe, kisha akamletea mlinzi dodoki la kweli. Hadi leo mlinzi yule humwita Mama Vifuko mtu wa vikombe.

Mafanikio yake mnayaona ukutani kwenye ukumbi wa mikutano, ingawa wengi mnatundika makoti juu yake. Ile ramani ya rangi ni kazi ya mikono yake. Inaonesha risasi ikipungua mtaa baada ya mtaa tangu magari yalipoacha kutumia mafuta yenye risasi. Ramani hiyohiyo ndiyo iliyosababisha tanuri la kuchomea taka kuhamishwa kutoka nyuma ya shule ya watoto wadogo. Alikwenda kwenye kikao kile na karatasi moja tu, akaisoma, akakaa. Wenye suti waliongea saa mbili, lakini karatasi yake ndiyo iliyoshinda.

Kitengo kilianza na watu wanne. Mmoja alihamishwa, mmoja aliolewa akafuata mume, mmoja alikwenda masomoni akanogewa. Kwa miaka kumi na miwili iliyopita kitengo kimekuwa Mama Vifuko. Ngazi aliibeba yeye, vifuko alishona yeye, na kwenye fomu ya mahudhurio ya kitengo, yenye mistari kumi, alisaini mstari wa kwanza na kupiga mstari mwingine kwenye tisa iliyobaki, kila asubuhi, ili pasije pakaongezwa mtu asiyekuwepo. Binti yake pekee ameolewa mbali na humpigia simu Jumapili. Nilikuwa najua kwamba ni Jumatatu kwa sababu siku hiyo aliimba kidogo wakati wa kuosha, na ikifika Jumatano alikuwa ameshanyamaza.

Naomba sasa niache utani kidogo.

Miaka tisa iliyopita, nguzo ya zamani ya kituo cha 23 iliondolewa na mafundi wa umeme. Mama Vifuko alifika pale na ngazi yake, peke yake, akiwa amebakiza vituo kumi na saba siku hiyo. Akatafuta pengine pa kutundika, akaona boriti nzuri ya nyumba ya jirani, akafunga vifuko, akaondoka. Kwenye daftari aliandika: nguzo haipo, nimetundika chini ya upenu. Kanuni yetu ya kwanza, aliyowafundisha wageni wote, inasema kifuko kisiwe chini ya mti wala paa. Upenu ule ulikuwa wa bati jipya, na bati jipya limepakwa zinki. Kila mvua iliponyesha, maji yalidondoka kwenye kifuko.

Wiki nane zilipotimia akanipa sampuli nikazipima. Zinki ya kituo cha 23 ilikuwa mara kumi na moja ya mitaa mingine. Hatua arobaini kutoka pale palikuwa na karakana ya Fundi Koki, mzee wa makamo anayeyeyusha shaba ya manjano na kuimimina kwenye kalibu kusubu koki za maji na vitasa vya milango. Shaba ya manjano ina zinki ndani yake, na inapoyeyushwa zinki ndiyo hutangulia kutoka kama moshi mweupe. Kila mtu aliona jibu limejileta lenyewe. Mama Vifuko alisaini karatasi ya matokeo. Sahihi ya pili, ya mtu anayepaswa kusoma daftari na kuhakikisha kanuni zimefuatwa, ni yangu. Nilisoma neno upenu. Nakumbuka nililisoma. Nikasaini, nikaenda kunywa chai.

Karakana ikafungwa. Jarida hili, ambalo hubandikwa kwenye mbao za matangazo za mitaa yote, likatoa habari ukurasa wa kwanza kwamba idara imegundua karakana yenye sumu. Kichwa cha habari nilikitunga mimi na nilijisifu nacho.

Mzunguko uliofuata, tanuri la Fundi Koki likiwa baridi kwa miezi miwili, zinki ya kituo cha 23 haikushuka. Mama Vifuko alikuja chumbani kwangu akaiangalia namba ile, akaomba nipime tena. Nikapima tena. Akatoka, akachukua mwavuli, akaenda kusimama mtaani kwenye mvua mpaka alipoona tone linavyotoka kwenye bati na kuangukia kifuko. Alirudi amelowa mpaka magotini. Aliniambia, "Mdogo wangu, tumemfungia mtu karakana bure."

Sote tungeweza kuishia hapo. Leseni ilirudishwa baada ya miezi minne, kwa barua ya mstari mmoja isiyotaja sababu, na kwa idara suala likawa limekwisha. Yeye alihamisha kifuko mita sita hadi mahali pa wazi, akasubiri mzunguko mwingine tanuri likiwa linawaka, akapata kipimo sawa na cha mitaa mingine. Ndipo alipoandika aya ya masahihisho na kuomba ichapwe palepale ilipochapwa habari ya kwanza. Mkuu wa idara wa wakati ule aliisoma kwenye rasimu, akanirudishia. Alisema, "Idara ikikiri kosa moja leo, kesho wataleta arobaini." Nikaikata. Nafasi yake niliweka matokeo ya mpira ya timu ya idara. Tulifungwa manne.

Tangu siku ile sikuweza kukaa naye mezani. Si kwamba tuligombana, maana hata kugombana kungekuwa afadhali. Niliona haya, na mtu mwenye haya hupata shughuli nyingi saa ya chakula. Wenzangu nao waliona anasumbua kwa jambo lililopita, wakaanza kunyamaza akiingia. Akaacha kuja kantini. Miaka tisa amekula kwenye chumba cha kuoshea, kati ya sinki la pili na la tatu, na mimi nimekuwa nikimsikia kupitia ukutani akifungua bakuli, akifunga bakuli, akifungua bomba. Nilikuwa peke yangu upande wangu na yeye upande wake. Palikuwa na mlango kati yetu, na haukuwahi kuwa na kufuli.

Kwa Fundi Koki alikwenda mwenyewe, wiki ileile aliyogundua kosa. Alimweleza yote, bati, upenu, daftari. Alinisimulia jibu alilopewa mara moja tu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mama, mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwa najua. Waambie wao." Wao ni majirani ambao mpaka leo wanapaita pale kwenye sumu, wazazi wanaowavusha watoto upande wa pili wa barabara, na wateja wa mtaani walioanza kununua koki dukani. Wasaidizi wake wawili walikuwa wameshaondoka, na hakupata wengine. Leo anawasubia koki watu wa mbali wasiojua habari, na kazi anaifanya peke yake na redio.

Kituo cha 23 hakikufutwa, kwa hiyo kila baada ya wiki nane Mama Vifuko alilazimika kupita pale. Mwaka wa kwanza fundi aliingia ndani akimwona. Mwaka wa pili alibaki mlangoni. Siku moja ya mwaka wa tatu, ngazi ilikuwa inacheza, fundi akatoka akaishika mpaka aliposhuka, kisha akarudi kwenye tanuri lake bila salamu. Akaendelea kuishika miaka yote iliyofuata. Katika safari zake za vituo arobaini, hicho ndicho kituo pekee alichoshikiwa ngazi.

Nami kila Januari, nilipokuwa napanga toleo la kwanza la mwaka, nilikuta karatasi mezani. Ilikuwa aya ileile, kwa mwandiko uleule, haikuongezwa neno wala kupunguzwa. Alichobadilisha ni hesabu ya muda tu: miezi saba iliyopita, mwaka mmoja uliopita, miaka miwili iliyopita. Ninazo karatasi kumi kwenye droo. Mkuu yule wa idara alistaafu miaka mitano nyuma, na mwenzake aliyemrithi nilipomuuliza juzi kuhusu aya hii alisema kwa mshangao kwamba mhariri ni mimi, niamue. Yaani kwa miaka mitano nimejificha nyuma ya mgongo wa mtu aliyekwishaondoka. Ningeweza kuichapa wakati wowote. Sikuogopa kufukuzwa kazi, niliogopa kuonekana.

Hakuna aliyeajiriwa kumrithi. Mashine nne za kupima hewa zitafungwa kwenye nguzo nne, na vituo thelathini na sita vitabaki bila macho. Wiki iliyopita alizunguka kuteremsha vifuko vya mwisho, na alipomaliza aliosha ngazi, jambo ambalo nadhani halijawahi kufanywa na mtu katika historia ya idara.

Fomu ya waalikwa wa mstaafu ina nafasi nne. Binti yake amejifungua na hataweza kusafiri. Mama Vifuko alijaza nafasi moja na kupiga mstari kwenye tatu. Mwalikwa wake ni Fundi Koki. Kadi niliipeleka mimi. Fundi alifuta mikono, akaisoma mbele na nyuma, akaniuliza, "Na ile habari yetu imo?" Nikamjibu itakuwemo. Akasema, "Nikishaisoma, ndiyo nitajua kama nina sherehe ya kwenda." Hakunikaribisha kuketi, na sikustahili.

Hii hapa, basi, kutoka kwenye karatasi ya kumi:

"Masahihisho. Miaka tisa iliyopita jarida hili lilitangaza kwamba karakana ya kusubu koki, iliyo mtaa wa kituo cha 23, inachafua hewa kwa zinki. Si kweli. Zinki ile ilitoka kwenye bati jipya lililokuwa juu ya kifuko changu. Nilikitundika chini ya upenu kinyume cha kanuni, nikaandika hivyo kwenye daftari kwa mkono wangu, na sikufikiri nilichokiandika. Karakana ilipofungwa, kipimo hakikushuka. Kifuko kilipohamishwa mahali pa wazi, kipimo kilishuka, na tanuri lilikuwa linawaka. Fundi hakumdhuru mtu yeyote. Kosa ni langu."

Sina la kugusa kwenye aya hiyo isipokuwa sentensi ya mwisho. Kosa si lake peke yake. Lina sahihi mbili, na baada ya hapo lina mhariri mmoja. Nimelisahihisha hapa, nikiwa na akili timamu, na nimeliweka ukurasa wa kwanza, ndiyo maana matokeo ya mpira ya safari hii mtayakuta nyuma karibu na matangazo ya vifo. Tumefungwa tena.

Nakala ya ubao wa matangazo wa mtaa ule nitaibandika mwenyewe asubuhi ya sherehe, kabla watu hawajatoka kwenda kazini, na nitakaa hapo kuwajibu watakaouliza. Nyingine nitaipeleka karakanani na kugonga mlango. Kiti cha mwalikwa kimewekwa safu ya mbele, upande wa kulia wa mstaafu, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia hata sherehe ikianza kikiwa wazi.

Mama Vifuko, idara inakushukuru kwa miaka thelathini na minne ambayo watu wa mji huu wamevuta hewa bila kujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akiipima. Tunakuombea magoti yasiyouma, mjukuu mwenye sauti, na mlango usiokosa hodi. Mimi nakuombea hayohayo, dada, na nakuomba radhi.